Sarafu ya dharura: maana yake na kisa cha hela za Tabora

Sarafu ya dharura ni ile inayotengenezwa na serikali iliyokatiwa njia ya kupata sarafu zake za kawaida, aghalabu wakati wa vita, kwa madini yoyote yaliyo karibu na kwa mitambo iliyowekwa kwa kazi nyingine. Mfano ulio bora kwetu ni wa Tabora, mwaka 1916.

Koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilikuwa likiletewa sarafu zake kwa meli kutoka Ujerumani. Tangu 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100, badala ya pesa 64 za awali, na ni kutokana na heller hiyo ndipo Kiswahili kilipopata neno "hela". Vita vilipozuka mwaka 1914 na manowari za Waingereza zikaifunga bahari, sarafu mpya zikakoma kuingia, ilhali askari, wapagazi na wauza vyakula waliendelea kudai malipo. Noti za muda zilichapishwa humu humu nchini, lakini noti haiwezi kuwa chenji ya kibaba cha mtama. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu.

Zilipigwa hapo sarafu za heller 5 na za heller 20, zikiwa na taji, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora, pamoja na sarafu za rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo. Shaba ya manjano ilipatikana kwa kuyeyusha vitu kama maganda ya makombora. Kazi hiyo haikudumu, kwa kuwa majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huohuo.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba umri na vita vinatosha kuipa sarafu thamani. Sarafu za heller 20 za shaba ya manjano zilipigwa takriban 1,600,000, kwa hiyo iliyochakaa bado hupatikana bila gharama kubwa. Zile za shaba nyekundu zilikuwa kama 300,000 tu. Sarafu za rupia 15 hazikufika 17,000, na dhahabu yake peke yake ni mali. Lakini mwenye dhahabu huificha, na kwa hiyo hubaki nzuri; sarafu ndogo hupita mikono elfu sokoni, ikasagika, na hakuna anayeona sababu ya kuiweka. Kwa hiyo heller iliyobaki na makali yake ya awali inaweza kuwa adimu kuliko idadi iliyopigwa inavyoonyesha, na mkusanyaji hulipia hali hiyo kuliko tarakimu iliyoandikwa juu yake.

Muhuri, yaani chuma kilichochongwa kinachoipiga sarafu alama zake, nao una neno lake. Kwa kuwa mihuri ilichongwa kwa haraka, heller 20 zina taji kubwa au dogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER zimepindwa kwenye baadhi na kuchongoka kwenye nyingine. Mseto mmoja wa taji na herufi unaweza kuwa wa kawaida na mwingine ukatafutwa sana, ingawa kwa jicho la kawaida sarafu hizo ni zilezile. Kwa hiyo anayeokota moja asiisugue kwa ndimu wala majivu ili ing'ae: ule weusi wa miaka ni sehemu ya hali inayolipiwa, na ncha za L ndizo huanza kufutika.