Anza na ukurasa wa kifo

Nikiombwa kitabu cha hadithi cha kumsomea mtoto aliyefiwa, sianzi na jalada. Nafungua ukurasa ambao mhusika anakufa, kisha ule unaofuata. Hizo kurasa mbili hunitosha kurudisha rafuni vitabu vingi vyenye picha za kupendeza.

Kwenye ule wa kwanza natafuta neno lenyewe: amekufa. Kiswahili kina maneno ya staha tele, na sisi watu wazima tunaelewana. Mtoto wa miaka 4 huyachukua yalivyo. Babu "amelala", basi naye anaanza kuogopa kulala. Babu "ametutoka", basi atarudi lini, na tulimkosea nini? Hadithi iliyoandikwa vizuri husema habari za mwili: "Moyo wa Babu umesimama. Babu amekufa. Hapumui, hasikii baridi, wala haumwi tena." Maneno makavu kidogo, ndiyo, lakini hayamwachi mtoto akibahatisha.

Ukurasa unaofuata ndio huharibu zaidi. Mwandishi huingiwa na huruma, akamrudisha marehemu kwa uchawi, au akaleta mbwa mpya na machozi yakakauka papo hapo. Watoto wengi wa chini ya miaka 5 au 6 bado hawajashika kwamba aliyekufa harudi. Hadithi kama hiyo huwafanya waendelee kungoja. Angalia na hatia pia. Katika umri huo mtoto huweza kuamini kuwa hasira yake ndiyo iliyoua. Kwa hiyo kisa cha sungura mtukutu aliyekataa kutii, mamaye akafa, kiweke kando kabisa.

Wa miaka 9 hadi 12 kwa kawaida wanajua kifo hakina marejeo. Hao watafutie mhusika mwenye yale yanayoonewa aibu: kumkasirikia marehemu, kumwonea wivu rafiki mwenye mama, kuona afadhali ugonjwa mrefu wa marehemu unapokwisha. Mhusika anayelia kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho mimi simwamini. Mtoto hulia, halafu baada ya dakika tano anaulizia mpira.

Kabla ya kumsomea, kisome chote peke yako, kwa sauti, ujue sauti yako itakwama wapi. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, na isiwe wakati wa kulala. Uliza habari za mhusika: "Unadhani Kima anawaza nini hapa?" Mara nyingi mtoto atasema ya kwake kwa kinywa cha Kima. Swali la "umejifunza nini?" liache darasani. Akifunga kitabu, usimmalizie kwa nguvu. Kiache anapoweza kukifikia. Akitaka ukurasa uleule mara kumi, msomee mara kumi.

Ila akisema anataka kumfuata marehemu, zungumza na mshauri nasaha au daktari siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ikiwa wiki zinapita na bado halali wala hali vizuri.