Siku 90 zinahesabiwaje? Viza ya matembezi na viza ya kuishi ughaibuni

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumezoea mipaka inayopitika. Mtu anatoka Mbeya alfajiri, anavuka Tunduma kwenda Nakonde au Kasumulu kwenda Karonga, pasipoti inagongwa muhuri, anaendelea na shughuli zake. Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi ya Zambia wala Malawi. Kwa mazoea hayo, wengi wanaokuja ofisini kwangu hapa Mwanjelwa wakitaka kwenda Ulaya huuliza kwanza viza inatoka baada ya siku ngapi. Mimi huwauliza: unakwenda kufanya nini, na utakaa muda gani? Majibu hayo ndiyo yanayoamua uombe viza ipi.

Kwa nchi 29 za Ulaya za eneo la Schengen, yaani zinazotumia viza moja ya matembezi, viza ya muda mfupi ina herufi C. Inamfaa anayekwenda kusalimia ndugu, kuhudhuria mkutano, au kutembelea maonesho kama yale ya matunda yanayofanyika Berlin kila Februari, ambayo wafanyabiashara wa parachichi wa Rungwe na Njombe huniulizia sana. Ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yawasilishwe angalau siku 15 kabla yake.

Sasa hizo siku. Stika ya viza inayobandikwa kwenye pasipoti ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, halafu pembeni kuna idadi ya siku za kukaa. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na hapa ndipo watu wema kabisa wanapoingia matatani. Sheria inasema siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Tuseme mama ana viza ya kuingia mara nyingi, yenye siku 90, inayoisha Julai 31. Aliingia Februari 1, akatoka Machi 31: ametumia siku 59, maana siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Akirudi Juni 1, amebakiwa na siku 31, kwa hiyo mwisho wake ni Julai 1. Julai 2 akiwa bado huko amezidisha muda, ingawa stika yake "haijaisha". Kila siku unayokuwa huko, rudi nyuma siku 180 kwenye kalenda, ukiihesabu na siku hiyo yenyewe, kisha ujumlishe zote ulizokaa.

Kusoma, kuajiriwa au kuishi na mwenzi kwa zaidi ya siku 90 kunahitaji viza ya herufi D, na hiyo kila nchi hutoa kwa sheria zake. Kijana anayekwenda kusoma Ujerumani, kwa mfano, kwa kawaida huonesha euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalumu iliyozuiwa, anayoruhusiwa kuchota kidogo kidogo kila mwezi. Ada ya viza yenyewe ni euro 75. Akifika anajiandikisha anapoishi, kisha anaomba kibali cha ukaazi kabla viza haijaisha. Tafadhali usimsikilize kishoka anayekwambia uingie na ya matembezi halafu "utabadilisha hukohuko". Kwa kawaida utaambiwa urudi nyumbani ukaombe upya.

Uingereza ina utaratibu wake: mgeni wa kawaida hukaa hadi miezi 6, na Mtanzania anayeomba kukaa zaidi ya hapo hutakiwa kuwa na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki inayotambuliwa nao.

Jambo linalowaumiza zaidi wakulima wetu ni taarifa ya benki. Fedha zao huja kwa msimu, nyingine taslimu, kisha wiki ya maombi wanaweka mamilioni kwa mkupuo. Ofisa wa viza hajui msimu wa viazi wala parachichi. Anaona fedha isiyo na asili. Basi mweleze. Ambatanisha stakabadhi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), risiti za ushuru wa mazao za halmashauri, leseni ya biashara na TIN (namba ya mlipakodi), na barua fupi inayosema ni mauzo gani yaliyoingiza kila kiasi kikubwa. Anza kupitisha mauzo benki miezi kadhaa kabla, hata kama tarehe ya safari bado hujaipanga.