Nikon D7200 katika mwanga wa Unguja: uwezo wake na upungufu wake

Vijana wanaonijia kuniuliza wanunue kamera gani huanza karibu wote na idadi ya megapikseli, nami huwarudisha kwenye swali la mwanzo: utapiga picha wapi, na saa ngapi? Hapa Mji Mkongwe, saa saba za mchana, ukuta wa chokaa upande mmoja wa kichochoro huwaka jua hata macho yakauma, na hatua tatu tu kutoka hapo mlango wa nakshi umo kizani kabisa. Kamera isiyoweza kuzibeba hali hizo mbili katika picha moja haitufai, hata ikiwa na megapikseli ngapi. Nimeitumia Nikon D7200 kwa miaka mingi, katika harusi na katika kupiga picha za majumba ya kale, na ningependa kueleza kwa nini bado naithamini na ni wapi nisingemshauri mtu aitegemee.

Kamera hii ilitangazwa Machi 2015, nayo ni ya daraja la kati: iko juu ya zile za wanaoanza, na chini ya zile zenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa kamili ambazo bei yake ni ya kampuni kuliko ya mtu mmoja. Sensa yake ina megapikseli 24.2, lakini sifa yake kubwa ni upana wa mwanga inaoweza kuunasa. Vipimo vya DxOMark, maabara ya kupima kamera, viliipa stopu 14.6, wakati Canon EOS 80D ya mwaka 2016, ambayo ni mshindani wake wa karibu, ilipata 13.2. Stopu moja maana yake ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua kwa nusu, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo kama tarakimu zinavyoonekana. Faida yake hupatikana ukipiga kwa faili la RAW, yaani taarifa za sensa kabla kamera haijazisindika, kwenye ISO 100 (usikivu mdogo wa mwanga), na kupima mwanga kwa sehemu angavu zaidi, tuseme kanzu nyeupe iliyopigwa na jua, hata kama uso wa aliyeivaa utatoka mweusi katika skrini ya kamera. Baadaye, kwenye kompyuta, unauinua uso ule kwa stopu tatu au zaidi, na ngozi hutoka safi bila chembechembe za rangi kutapakaa, kwa sababu kelele ya umeme ndani ya sensa yenyewe ni ndogo mno. Mpango huo haufanyi kazi kwa JPEG, picha iliyokwisha kubanwa na kamera, ambayo hutupa sehemu kubwa ya taarifa za kivuli pale pale inapohifadhiwa, na wengi wanaoilaumu kamera kwa picha zilizoungua hawajawahi kupiga RAW hata siku moja.

Sensa hiyo pia haina kile kichujio cha kulainisha taswira ambacho kamera nyingi za zamani zilikuwa nacho, ndiyo maana maua na minyororo iliyochongwa katika fremu za milango hutoka kwa ukali wa kupendeza. Gharama yake huonekana kwenye vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za karibu, kama shela ya biharusi, ambapo mara nyingine huzuka mistari ya rangi isiyokuwepo. Kusogea mbele au nyuma kidogo huiondoa mistari hiyo, iwapo utaiona mapema.

Kazi yangu kubwa ni upande wa wanawake, ambako mpigapicha mwanamume haingii. Biharusi aliyefunua nywele zake, mikono imejaa hina na piko, ameniamini jambo ambalo haliwezi kurudiwa wala kutangazwa. Kwa ajili hiyo naitazama nafasi ya pili ya kadi katika D7200 kuwa sehemu muhimu kuliko nyingi zinazosifiwa katika matangazo. Naipanga kamera iandike kila picha katika kadi zote mbili kwa pamoja, nazima Wi-Fi, na kabla sijatoka katika nyumba ile kadi ya pili naikabidhi mkononi mwa mama yake au somo wake. Kadi moja ikiharibika, harusi haijapotea, na wenyewe wanajua nakala ziko wapi. Nikon ilipotoa D7500 mwaka 2017, iliipa video ya 4K na skrini inayoinuka, lakini ikaiachia nafasi moja tu ya kadi, na hilo pekee lilinitosha kubaki na ya zamani. Sipingi kwamba kwa kazi nyingine chaguo linaweza kuwa kinyume.

Katika ukumbi wenye mwanga hafifu, fokasi yake kwa kutumia kidirisha cha kutazamia ni ya kuaminika. Ina nukta 51, na mtengenezaji anaeleza kuwa hufanya kazi hadi -3 EV, kiwango cha mwanga wa mbalamwezi. Ila kioo chake cha ndani, kinachoinuka kila unapopiga, hupiga kelele. Mtindo wa Q, ule wa kupiga kimya kimya, hupunguza mlio lakini hauufuti, na mahali penye utulivu, kama pale nikaha inaposomwa, kila picha husikika na waliokaa karibu. Kamera zisizo na kioo zimelimaliza tatizo hilo, na lazima nikiri kwamba hapo zimetushinda.

Upungufu unaonisumbua zaidi umo katika lenzi. Waashi wa zamani walitandaza boriti za mikoko kubeba dari ya mawe na chokaa, na kwa kuwa boriti hizo hazikuwa ndefu, vyumba vya Mji Mkongwe vikajengwa vyembamba, virefu kama ushoroba. Sensa ya D7200 ni ndogo kuliko ile kamili, hivyo hukata kingo za taswira na kuifanya lenzi ya milimita 35 ione kama milimita 52 hivi. Ukikaa mgongo ukutani katika chumba kama hicho, utampata biharusi na mto wake, na ukoo mzima utabaki nje ya picha. Kwa kamera zake za kioo zenye sensa ya ukubwa huu, Nikon haikutengeneza lenzi pana isiyo ya zum yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga, ukiondoa ile ya jicho la samaki ya milimita 10.5 inayopinda kila mstari. Zipo zum pana, kama ile ya 10-20, lakini matundu yake ni madogo. Kwa jengo hazina tatizo, kwani jengo halitikisiki na kamera inakaa juu ya stendi. Kwa watu, baada ya magharibi, inabidi flashi.

Kwa upande mwingine, mwili wa D7200 una mota ya kuzungusha lenzi kongwe za aina ya D, kama ile ya milimita 85 f/1.8, ambazo hazipati fokasi ya kujiendesha kwenye kamera za Nikon za wanaoanza. Mwenye kununua vitu vya mtumba ananielewa.

Anayetaka kwenda Pemba kupiga mchezo wa ng'ombe ajue kwamba RAW za ubora wa juu huenda kwa picha tano kwa sekunde, na baada ya picha 18 kamera hulazimika kupunguza kasi. Ni kama sekunde tatu na nusu, na ng'ombe hangoji. Apige kwa vishindo vifupi, au akubali JPEG. Na anayetaka video atafute kamera nyingine: hii haina 4K, skrini yake haikunjuki, na fokasi yake ya skrini ni ya polepole.

Betri ni neema. Kwa kipimo cha kawaida cha watengenezaji hutoa picha 1,110, na sisi tulioishi ile miezi mitatu ya giza, Unguja ilipokosa umeme, Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatuhitaji kuelezwa thamani ya hilo. Mwili wake umezibwa dhidi ya vumbi na manyunyu, lakini kinga hiyo haina maana ikiwa lenzi haina mpira wa kuziba shingoni, wala haizuii kuvu. Mimi niliacha lenzi moja katika mkoba wa ngozi masika nzima, na nilipoitoa kuvu lilikuwa limetanda kama utando wa buibui. Sasa zote hukaa katika sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na vijifuko vya kufyonza unyevu.

D7200 sasa hupatikana kwa mkono wa pili. Muombe muuzaji akupigie picha moja, kisha uisome kwa programu inayoonyesha idadi ya mifyatuo, kwani shata yake, pazia linalofunguka kila unapopiga, ilifanyiwa majaribio ya mara 150,000. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma, uone kama ina kuvu. Halafu weka kadi katika nafasi zote mbili, moja baada ya nyingine, na uhakikishe kila moja inaandika.