Mwani wenye sumu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Maji yakiwa maangavu, kome hawana neno."
Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi. Kuna mwani unaobadilisha rangi ya bahari, na watu wamezoea kusubiri maji mekundu ndipo waogope. Lakini Alexandrium, mwani wa chembe moja unaotengeneza sumu ya saksitoksini, unaweza kuwatia kome sumu ukiwa bado haba, maji hayajabadilika hata kidogo. Kome na chaza huchuja maji usiku na mchana, na sumu hujilimbikiza mwilini mwao bila wao kuonekana wagonjwa. Na kinyume chake pia hutokea: maji yakawa mekundu kabisa, sumu isiwepo.

"Chemsha vizuri, kila kitu kitakufa."
Bakteria watakufa, ndiyo. Sumu hizi si viumbe. Ni kemikali, na moto wa jikoni hauziondoi. Kugandisha hakusaidii, wala limau. Hazina ladha wala harufu ya kukushtua. Mwaka 1987, katika Kisiwa cha Prince Edward nchini Kanada, zaidi ya watu 100 waliugua kwa kula kome wa kufugwa. Wasiopungua 3 walifariki, na baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kukumbuka mambo ya karibuni. Sumu ilikuwa asidi ya domoiki, iliyotoka kwa mwani wa jamii ya Pseudo-nitzschia.

"Watu wa kujitolea watajua nini? Sayansi waachiwe wasomi."
Msomi mmoja hawezi kuwa kwenye kila ufuo kila wiki, na mwani huongezeka ndani ya siku chache. Ndiyo maana NOAA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia bahari na hali ya hewa, lilianzisha mtandao wa watu wa kujitolea wa kufuatilia mwani mwaka 2001.

Kazi yenyewe ni hii: mtu anaburuta majini wavu wenye matundu madogo mno, kama maikromita 20, anapima joto na chumvi ya maji, kisha anaweka tone la alichokusanya chini ya hadubini. Pseudo-nitzschia haichukui muda kuitambua: chembe nyembamba kama sindano, zimeungana kwa ncha, kila moja ikipanda kidogo juu ya mwenzake. Linalotakiwa ni jicho lililozoea, si shahada. Akitilia shaka, anapiga picha na kumtumia mtafiti.

Kinachowachosha wengi ni wiki nyingi za kuandika "hakuna". Mtafiti wa bahari anazithamini sana hizo. Bila rekodi ya wiki tupu hawezi kusema mwani ulianza lini, wala maji yalikuwa na joto gani kabla haujachipuka.

"Basi wakiuona, sumu ipo, wasipouona, tule."
Hata wafuatiliaji wenyewe huteleza hapa. Pseudo-nitzschia ina spishi nyingi ambazo hadubini ya kawaida haizitofautishi vizuri, na baadhi hazina sumu. Hata zile zenye sumu huitengeneza kwa wingi au kwa uchache kulingana na virutubisho. Silika, madini ambayo mwani huu hujengea ganda lake, ikipungua majini, kwa mfano, sumu inaweza kupanda. Kwa hiyo taarifa ya mfuatiliaji ni onyo la mapema tu. Anayeamua ni mtu wa maabara anayepima nyama yenyewe ya kome. Kwa asidi ya domoiki, nchi nyingi zimeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kilo. Na mwani ukishatoweka, sumu haiondoki siku hiyo hiyo. Kome hujisafisha kwa wiki kadhaa, lakini kuna aina za kombe zinazohifadhi saksitoksini kwa zaidi ya mwaka.

"Mwani ni uchafu, ungemalizwa wote."
Mwani mdogo wa majini hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Wenye sumu ni wachache miongoni mwa maelfu ya spishi.

"Nitaonja mmoja tu, nikiona ganzi nitaacha."
Ganzi ya midomo ikianza, sumu imeshaingia. Saksitoksini haina dawa ya kuipinga. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka mwili uitoe wenyewe, na anayewahishwa kwa kawaida hupona. Ukihisi midomo au vidole vinakufa ganzi baada ya kula kome, usingoje kuona kama vitaachia.