Kitabu cha vita kuwa cha zamani hakukifanyi kuwa adimu

Wengi wanaokusanya vitabu vya mtumba kuhusu vita hutazama mwaka kwanza: kikiwa na miaka mia, basi ni mali. Sivyo. Bei hutokana na nakala zilizobaki, watu wanaozitaka, na hali ya hiyo uliyoishika mkononi.

Chukua Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyesalimisha jeshi la Wajerumani Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, alitoa *Heia Safari!* mwaka 1920. Wajerumani walikipenda, kikachapwa tena na tena, na nakala bado zinapatikana bila taabu. Historia rasmi ya Waingereza, iliyoandikwa na Charles Hordern, ilitoka 1941, miaka 21 baadaye, na juzuu ya pili haikutoka kabisa. Ni hiyo changa ambayo wakusanyaji huitafuta kwa udi na uvumba.

Ukiikuta, usikimbilie kulipa. Ramani za kukunjwa ndizo huchanika au kuchomolewa kwanza. Zifungue moja moja, ulinganishe na orodha iliyo mwanzoni. Kunja taratibu, maana karatasi iliyokaa kwenye unyevu wa Pwani hukatika palepale kwenye mkunjo. Kisha geuza ukurasa wenye jina la kitabu usome nyuma yake, kwa sababu zipo chapa za baadaye zinazouzwa kama za kwanza. Anayetaka kuvisoma vita vyenyewe, namshauri anunue hizo bila kusita.