Maziwa hayaondoi mionzi ya eksirei

Tangu uchunguzi wa kifua uanze mitaani, malalamiko tunayopokea hapa Tanga, kutoka Ngamiani, Makorora na Duga, yanafanana: mtu kapigwa eksirei, hakupewa maziwa ya kukata sumu, anataka hatua zichukuliwe. Hazitachukuliwa, kwa sababu hakuna sumu. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Mgonjwa hatoki nayo mwilini wala hamwambukizi anayemsubiri kwenye benchi.

Mionzi ayonisha ina nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomi. Wakati mwingine huipiga moja kwa moja DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, lakini seli imejaa maji, na maji yakipigwa huzaa radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli kisichotulia, ambacho hunyakua elektroni kwa chochote kilicho jirani. Kwa eksirei, takriban theluthi mbili ya madhara ya DNA hupitia hapo. Radikali hiyo huishi kwa nanosekunde chache tu. Glasi haijagusa mdomo, mambo yamekwisha. Maziwa ya Tanga ni mazuri, nyweni, ila si kwa sababu hiyo.

Wala radikali hiyo haiji na mashine pekee. Seli inapotumia oksijeni hutoa pia haidrojeni peroksaidi, ambayo ikikutana na madini ya chuma huzaa radikali ileile. Katika herufi nne za DNA, guanini ndiyo huoksidika kwa urahisi zaidi, ikawa 8-oksoguanini. Seli inaponakili DNA, hii huweza kupewa herufi adenini iwe mwenzake badala ya sitosini, na mwishowe palipokuwa na guanini pakakaa timini. Zipo protini za seli, yaani vimeng'enya, zinazoinyofoa kabla hayo hayajatokea. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 kwa kueleza ukarabati wa DNA.

Tofauti iko kwenye mpangilio. Oksidisheni ya kila siku hutawanya majeraha, mionzi huyarundika. DNA ni kama kamba ya mkonge yenye nyuzi mbili: ikikatika uzi mmoja bado inashika. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, imeachana. Dozi ya grei 1 (grei ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa na mwili; kwa eksirei ya mwili mzima, grei 1 ni sawa na milisivati 1,000) hukata uzi mmoja mara 1,000 hivi katika seli moja, na nyuzi zote mbili mara 40 hivi. Picha ya kifua iko mbali sana na hapo: kwa kawaida haizidi milisivati 0.1, wakati mionzi ya asili pekee humpa binadamu wastani wa 2.4 kwa mwaka.

Kwa hiyo kinga ni kabla ya kubonyeza kitufe. Chini ya Sheria ya Nguvu za Atomi ya mwaka 2003, kituo hakiwashi mashine bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania. Leseni ikiisha, mashine huzimwa hadi ihuishwe, hata foleni iwe imefika barabarani. Kuendesha bila leseni ni kosa la jinai, si jambo la kuonywa kwa mdomo. Mtumishi huvaa kipimadozi, kifaa kinachopima mionzi aliyopata, na wastani wake kwa mwaka usizidi milisivati 20.

 

Mama mwenye ujauzito, au anayeudhania, aseme kabla hajaingia chumbani. Na picha yako ya zamani njoo nayo, usipigwe nyingine kwa sababu ile ya kwanza imebaki kabatini.