Kabla hujalipia vioo viwili: dirisha la kupunguza kelele

Mama mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, alinipigia simu kwa hasira, ingawa si mimi niliyemfanyia kazi. "Fundi, nimetoa hela ya vioo viwili chumba kizima, na bado Jumamosi nalala na bendi." Baa iko mtaa wa pili kutoka kwake, na mbele ya nyumba kuna kijiwe cha bodaboda.

Nilifika jioni. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia huku ananionyesha dirisha kwa kidole, hata kiti sikupewa. Vioo vyenyewe havikuwa vibaya: kila jozi ina kioo cha milimita 4 nje na cha milimita 4 ndani, katikati nafasi ya milimita 12. Ila vilikuwa vimefungwa kwenye fremu za kuslaidi. Nikamwomba kijiti cha udi, nikakiwasha, nikakipitisha polepole pembezoni mwa fremu. Moshi uliyumba pale vipande viwili vinapopishana katikati, ukayumba tena chini kwenye reli. Juu ya dirisha kulikuwa na matundu manne ya hewa, yamefunikwa wavu wa mbu basi.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hewa inapopata upenyo, kelele nayo imepata. Chukua dirisha la futi tano kwa tano. Mzunguko wake ni futi 20, yaani kama mita 6. Likiwa na ufa wa milimita 4 kuuzunguka wote, uwazi huo ni kama asilimia 1 ya eneo la dirisha. Utasema asilimia 1 si kitu, lakini kwa sauti ni kitu kikubwa: dirisha hilo halitazuia zaidi ya desibeli 20 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hata ukiweka kioo cha benki. Kioo cha kawaida cha milimita 4 kikipimwa peke yake maabara, bila upenyo wowote, huzuia karibu desibeli 29. Na sikio letu likipunguziwa desibeli 10 huona kelele imepungua kwa nusu. Kwa hiyo karibu nusu ya kelele za nyumba nyingi ninazoingia ingeweza kuondoka kwa raba na silikoni, kabla mtu hajagusa kioo.

Ndiyo maana mteja akiniuliza kioo gani kizuri, mimi humuuliza dirisha lake linafungukaje.

Luva, zile za vioo vya kulaza, tusizijadili. Ukiwa nazo chumba cha kulala kinachotazama barabara, zitoe. Dirisha la kuslaidi tunalipenda kwa sababu halichukui nafasi, na grili na wavu wa mbu vinakaa bila ugomvi. Tatizo lake ni kwamba haliwezi kubanwa. Kipande kinachoteleza kinahitaji uhuru wa kuteleza, kwa hiyo pembeni huwekwa brashi za manyoya badala ya raba, na chini reli ina vitundu vya kutolea maji ya mvua. Brashi zikishalala kwa vumbi la miaka mitatu, zimebaki pambo. Dirisha la bawaba ukilivuta na kuzungusha kitasa, linaikandamiza raba pande zote nne. Ukichagua la bawaba, hakikisha komeo linashika juu na chini, maana lenye komeo moja la katikati huachia kwenye kona. Na amua mapema grili itakaa wapi: dirisha likifungukia nje, grili iwe ndani na iachwe nafasi ya mkono kufikia kitasa. Nimeona nyumba mpya kabisa ambako mwenye nyumba anafunga dirisha kwa mpini wa ufagio.

Angalia pia fremu inapokutana na ukuta. Mafundi wengi huacha nafasi ya sentimita nzima, wakaifunika kwa plasta nyembamba juu juu. Gonga kwa kidole; ikilia uwazi, ichimbue, ijazwe vizuri, halafu ipigwe silikoni ndani na nje.

Sasa kioo. Kanuni ya kwanza ni uzito. Kila milimita moja ya kioo ina kilo 2.5 kwa mita ya mraba, na kadiri kioo kinavyokuwa kizito ndivyo sauti inavyoshindwa kukitikisa. Kutoka milimita 4 kwenda 6 unapata desibeli mbili hivi. Faida si kubwa, lakini bei yake nayo si ya kutisha. Kinachonivutia zaidi ni kioo cha laminate, kile cha tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati kama kioo cha mbele cha gari. Kioo chochote kina sauti moja inayokikuta kwenye udhaifu wake, kinaitika nayo. Kwa cha milimita 4 ni sauti kali za karibu hezi 3,000, yaani mitikisiko 3,000 kwa sekunde. Ule utando unaukaba mtikisiko huo. Juu ya hayo, mwizi akikipiga hakimwagiki.

Vioo viwili ndipo watu huwa hawaniamini. Jozi ya 4 na 4 yenye nafasi ya milimita 12 huzuia karibu desibeli 30, yaani imekipita kioo kimoja chembamba kwa unywele tu. Kule Ulaya jozi hizi zilienea kwa ajili ya kuzuia baridi, na kwa baridi zinafanya kazi. Kwa kelele, hewa iliyobanwa katikati inakuwa kama springi, na vioo viwili vya unene mmoja vinacheza pamoja. Kwa vipimo hivyo vinacheza karibu na hezi 250, eneo lenye ngurumo nyingi za malori ya Barabara ya Mandela. Ukitaka jozi, tofautisha unene, mfano 6 na 4, au bora kimoja kiwe laminate. Usikubali ya kubandikwa kwa silikoni uani: kwa unyevu wa Dar, ndani itatoka jasho ambalo hutaweza kulifuta.

Dawa yenye nguvu ni kuvitenganisha mbali. Vioo hivyo hivyo vya milimita 4 ukivipa sentimita 10 katikati, ile springi inalegea na udhaifu wao unashuka hadi hezi 85 hivi. Yaani dirisha la pili, lenye fremu yake, kwa ndani. Likibanwa vizuri, pamoja na lile la nje yanaweza kuzidi desibeli 40.

Unahitaji kiasi gani? Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza kelele za mfululizo chumba cha kulala zisizidi desibeli 30. Weka programu ya kupimia sauti kwenye simu, simama nje saa tano usiku. Simu si kipimo cha mahakamani, ila ikisoma 65 unajua unatafuta 35, na hakuna kioo kimoja chembamba kitakachokufikisha hapo. Ikisoma 50, raba zinatosha.

Lipo la joto, na hapa sina uchawi. Dirisha linalozuia kelele ni dirisha lililofungwa, na Februari ya Dar unaijua. Usipokuwa na kiyoyozi, au umeme wako wa kulipia kabla, LUKU, haukuruhusu kukiwasha usiku kucha, fikiria kwanza kuhamishia kitanda chumba cha uani na cha barabarani kiwe stoo. Nimekwisha poteza kazi kwa ushauri huu mara mbili.

Yule mama hakutaka kuhama chumba. Tulimbadilishia brashi kwenye dirisha la zamani, tukaziba matundu ya ukuta wa barabarani kwa tofali na plasta, yale ya ukuta wa nyuma tukayaacha apate hewa. Kwa ndani tukafunga dirisha la bawaba lenye laminate, kwenye fremu ya mninga inayotokeza chumbani, sentimita 10 kutoka vioo vya nje, grili ikabaki katikati. Nilimwambia mapema kwamba besi ya ngoma iko chini ya hezi 100, na nyingine inapita darini na ukutani, hivyo haitaisha.

Jumapili alinipigia. Bodaboda hazisikiki. "Na bendi sasa sijui hata wanaimba nini, nasikia tu wanatwanga."